Kikombe cha Mgeni

Nyumbani kwetu, kando ya Ziwa Peipsi,
palikuwa na rafu mbili za vyombo:
moja yetu,
na nyingine ya chini, karibu na mlango,
yenye kikombe kimoja cha maua ya buluu
kwa yeyote asiyejifanyia ishara ya msalaba
kwa vidole viwili, kama sisi.

Kalju alinywea kikombe hicho miezi saba.
Alikuja kwa basi la Ijumaa kutoka Tartu,
fundi wa redio, kucha safi,
mikono isiyojua matuta ya vitunguu
ila Agosti ile ilijifunza kuvisuka mashungi marefu
hadi mama akakiri, "Huyu haogopi kazi."
Alijua kikombe kile ni cha nini.
Hakuuliza. Alikunywa, akashukuru,
akakirudisha mwenyewe rafu ya chini,
nami, Fevronia, nilitaka kulia kila alipoinama.

Jioni moja mama alinena, macho yakiwa kwenye sindano:

    Wema wake nauona,
    wala chuki kwake sina,
    ila mtapoumana
    mtamlilia nani?

    Kupendana ni rahisi
    mkiwa bado wepesi,
    kwenye raha na nafasi;
    gizani mtashikani?

Nilimjibu kwamba Mungu hagawi vyombo.
Nilisema na mengine, ambayo siyaandiki.

Februari babu Sofroni akafariki,
ziwa limeganda, jeupe kama bati jipya.
Sala ilianza saa mbili usiku, ikaenda hadi alfajiri.
Kalju alisimama nasi saa ya kwanza, kofia mkononi.
Saa ya pili alitoka nje.
Dirishani niliona kaa la sigara yake
likiwaka, likififia, likiwaka.
Hakukosea. Hakudharau.
Aliiheshimu imani yangu
kama mtu anavyoheshimu nyumba ya watu:
kwa kutogusa kitu.
Nami ndani, nikihesabu vidaraja vya ngazi yangu ya ngozi,
namhurumia kwa baridi,
yeye ananihurumia kwa sala.
Huruma mbili hizo hazikutosha kuezeka paa moja.

Nilimwambia yeye kabla ya mama, kituoni.
"Ni kikombe?" aliuliza.
Nikasema si kikombe.
Basi likawasha taa.

Niliolewa na Lavrenti wa kijiji cha pili,
mkoromaji, mbishi, bahili wa kuni.
Tumegombana juu ya ng'ombe, juu ya pesa,
juu ya mama yake, mara nyingi sana juu ya mama yake.
Sisemi uongo: imani moja haikumfunza
kufunga mlango taratibu.
Zipo jioni nimeikumbuka redio.

Lakini usiku ule Anisya wetu, wa miezi minne,
alipoacha kupumua,
hatukuwa na neno, si mimi wala yeye.
Hatukutazamana hata.
Mkono wangu ulipanda kwenye paji la uso
na wake ulikuwa umeshapanda,
vidole viwili, vidole viwili,
tukaanza zaburi ileile pasipo kuambizana.
Sauti yangu ilipokatika, aliendelea.
Yake ilipokatika, niliokota.
Kukapambazuka bado tunapokezana
kama wabeba jeneza kwenye njia ndefu.

Mama hayupo tena. Sheria za vyombo zimelegea.
Kikombe bado kipo, kimemeguka ukingoni.
Juzi binti yangu Makrina, akikata vitunguu,
ametaja kijana wa Tallinn, mara tatu,
kila mara kwa bahati mbaya.
Nimekiosha kikombe. Nimekiweka rafu ya juu, pamoja na vyetu.
"Mlete," nimemwambia, "chai ipo.
Ila kabla ya pete, muulize:
gizani huwa anashika nini."

Hakujibu. Aliongeza kasi ya kisu,
na kwa vile ni vitunguu,
hakuna aliyelazimika kueleza macho yake.