Mwenye Kinu Hana Alama

Tuure aliniita redioni juzi, saa tisa za usiku,
yeye akisukuma theluji upande wa bandari,
mimi barabara ya Kajaani, Oulu nzima imelala.
"Umefika wapi?"
Haulizii kazi. Anauliza Nyika ya Chumvi,
toleo la pili, tulilolisubiri miaka tisa,
nililolilipia kabla halijatoka.

Haki kwanza.
Upanga sasa una uzito. Ukikata hewa, bega linayumba,
ukikata ngao, padi inatetemeka hadi kwenye kiwiko.
Farasi anatoa mvuke puani, na mvuke ule naujua,
ndio unaonitoka nikishuka kukwangua kioo
nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.
Joka la darajani liliniua mara kumi na moja
na kila mara nilijua kosa ni langu.
Hiyo ni kazi ya fundi. Sibishi.

Lakini ule mshale.

Mshale wa dhahabu juu ya skrini,
umeninyooshea kidole tangu nilipoamka gerezani:
mlango huu, ngazi hii, huyu ongea naye, huyu muue.
Nikisimama kutazama mawingu, unapepesa.
Nikigeuka, unageuka nami kama mkaguzi wa tiketi.
Na mimi zamu nzima nafuata mstari wa buluu
kwenye kioo kando ya usukani:
kituo cha basi, sukuma; hospitali, sukuma;
ukichepuka, sauti ya kike inasema rudi kwenye njia.
Nivue buti, nichemshe kahawa, niwashe mchezo,
nikute mstari mwingine?

Mchezo wa kwanza haukuwa na mshale.
Ulikuwa na mwenye kinu, mwongo mwenye unga kwenye nyusi,
aliyeuza maelekezo kwa kipimo cha chumvi:

     Shika njia ya kushoto, uone jiwe jeusi,
     Vuka hapo penye mto, maji yake ni mepesi,
     Usihofu ule moto, ni wa wachunga farasi,
     Nawe ukikosa pito, usinipe mimi kesi.

Maji hayakuwa mepesi. Nilizama na kofia yangu ya chuma.
Moto haukuwa wa wachunga farasi.
Siku nne nilizunguka msituni, nikachora ramani
nyuma ya bahasha ya bili ya umeme;
ipo hadi leo mlangoni mwa friji.
Ya toleo hili siikumbuki hata kona moja.

"Mimi sijapotea hata mara moja," anajigamba Tuure.
Ana miaka ishirini na mbili. Kipya kinyemi.
Namwambia, kupotea njia ndiko kujua njia;
wewe unajua nini?
Redio inakoroma kidogo.
"Najua mwisho wake. Niliumaliza Jumapili."

Asubuhi niliingia kwenye mipangilio, vyumba saba ndani,
nikakuta kisanduku chenye alama ya vema, nikaifuta.
Mshale ukazimika kama taa ya jirani.

Nyika ikawa kubwa.
Nilikufa kwa baridi, nikafa kwa mbwamwitu,
nikafa kwa ujinga, hiyo mara mbili.
Kisha nikateremkia bonde ambalo hutumwi na yeyote,
na gurudumu la maji lilikuwa linazunguka.

Mwenye kinu. Mvi zimeongezeka, au ni unga.
Hana jukumu la kukupa, hana zawadi, hana alama kichwani.
Mtu fulani ofisini, nadhani usiku, alimchora bila kuagizwa.
Nikabonyeza kuongea.
"Ulishika kushoto?" akauliza.
Halafu: "Una chumvi?"

Mkobani nilikuwa na mapanga sita, pete za moto, jino la joka.
Chumvi hakuna. Waliona uzito wake ni kero, wakaitoa.

Usiku huu nyuzi ni zile zile.
Kwenye baridi hii chumvi haiyeyushi kitu, tunamwaga changarawe,
lakini tangi la nyuma limejaa chumvi, naisikia kwenye kona.
"Umefika wapi?" Tuure tena.
"Kwa mwenye kinu."
"Kwa nani?"
Na ile sauti ya kike inasema rudi kwenye njia.