Mdhamini wa Kwanza

Leseni yake ilikuwa na siku kumi na tisa,
bado inanukia plastiki,
na pichani mdogo wangu Amoni amekaza midomo
kama mtoto aliyekatazwa kucheka ibadani.

Jioni, barabara ya Makutupora,
jua limejilaza kwenye kioo cha mbele,
akashusha macho kutafuta gia ya tatu.
Hakuwa na simu mkononi. Hakuwa amelewa.
Aliangalia gia, basi,
kwa muda wa mtu kutamka "tatu."

Alipoinua macho, zabibu zilikuwa zinanyesha juu ya boneti.

Baiskeli ilikuwa ya Yeremia Masinga,
kreti nne nyuma, zimefungwa kwa mpira,
na mguu wake wa kulia, chini ya goti,
ulikuwa umeota goti jingine.

Usiku uleule nikajifunza maneno.
PF3 ni karatasi inayotangulia bandeji.
Mahabusu ni mahali unapoacha mkanda na kamba za viatu.
Dhamana ni barua ya mtendaji, kitambulisho cha taifa,
na dada aliyefunga kibanda chake cha mitumba Sabasaba
aje kuandika jina juu ya mstari wa nukta.
"Asipofika mahakamani," karani alisema bila kuinua kichwa,
"tutakuja kwako."

Ukaja mchoro wa trafiki.
Barabara ni mistari miwili.
Gari ni sanduku, limeandikwa A.
Yeremia ni B.
Kati yao hatua kumi na moja,
zilizopimwa kwa buti la koplo.
Hakuna zabibu kwenye mchoro.
Hakuna jua.

Mjomba Lechipya, ambaye hajawahi kuendesha hata mkokoteni,
alimkalisha kwenye ndoo nyuma ya nyumba, Veyula:
"Sema hakuwa na taa. Sema alikata barabara ghafla.
Ukikiri umejifunga kamba mwenyewe.
Chuo gani kitampokea mwenye kesi?"
Baba alinyamaza, anahesabu ng'ombe kwa vidole.
Nami, nisiwe mwongo leo,
nilisema mjomba ana hoja.

Jumanne, mahakama ya wilaya, feni linazunguka kivivu.
Yeremia aliletwa kwa bajaji, plasta imetangulia mlangoni.
"Mbukwenyi," akatusalimu, kana kwamba tumekutana msibani,
na tukaitikia, tufanyeje.
Mashtaka yakasomwa: kuendesha kwa uzembe,
kusababisha majeraha.
Hakimu akavua miwani.
"Ni kweli au si kweli?"

Amoni alinitazama.
Miaka kumi na minane, ndevu saba.
Kisha akaitazama ile plasta.
"Ni kweli. Nilikuwa naangalia gia."

Mjomba alifyonza, askari akamnyamazisha.

Faini, au miezi sita.
Leseni, mwaka mzima kabatini.
Matibabu, na kreti nne, juu yetu.
Jumamosi ng'ombe watatu walikwenda mnada wa Msalato,
na baba anadai mpaka leo kwamba wawili walikuwa wazee hata hivyo.
Jina la Amoni limebaki kwenye daftari kubwa, wino wa bluu,
mahali ambapo mvua haifiki.

Nje, kwenye ngazi, nilimshika Yeremia mkono ateremke.
Nilingoja aseme amesamehe.
Alisema, "Angekana, ningerudi hapa mara ngapi?
Na ngazi zenyewe unaziona."

Sasa gari naendesha mimi.
Amoni hukaa kushoto, mikono magotini.
Tukimkaribia mwenye baiskeli
nausikia mguu wake ukikanyaga zulia,
pale pasipo na breki,
unakanyaga, unakanyaga.
Hatuambiani neno.
Nabadili gia bila kuiangalia.