Kipimo cha Sanduku

Pale Tandala nilikuwa fundi wa vitu viwili:
viti vya kanisa, na masanduku madogo.
Viti niliagizwa.
Masanduku, Juni mpaka Agosti, sikungoja kuagizwa,
yalikuwa tayari, yameegemea ukuta,
mbao za paina, shubiri tatu kwa moja na nusu.
Baridi ya Makete inajua kuchagua,
na waliozaliwa kabla ya mwezi wao
ilianza nao.
Siku hizi mnawaita njiti.
Sisi hatukuwaita.

Dokta Atupele Mwakalonge alishuka
kwenye lori lililokuja kubeba pareto,
koti la kuazima, pua inamchuruzika,
Mnyakyusa wa kwenye migomba na mvua vuguvugu.
Tukasema, huyu hamalizi kipupwe.

Wiki ya pili akaingia karakana,
akalipima sanduku moja kwa kiganja.
"Nataka la kipimo hiki hiki."
Nikavua kofia, nikauliza jina la marehemu.
"Hajafa. Ana gramu elfu moja na mia moja.
Kifuniko kiwe cha kioo. Toboa matundu ubavuni.
Chini acha nafasi ya chupa nne za maji ya moto."

Nikatoboa. Mkono ulikataa kwanza:
miaka kumi na mitatu naziba nyufa,
leo naambiwa hewa ipite.

Wodi yake ilikuwa stoo ya majembe.
Mizani aliazima ushirika,
ile ile ya kupimia maua makavu,
na kweli, wengine walilingana na maua.
Usiku mzima chemli, birika, chupa;
chupa zikipoa, anaanza upya.
Aliandika wizarani. Wakamjibu
kwamba barua yake imepokelewa.

Mwaka ule walikufa kumi na tisa.
Aliwaandika wote daftarini, hata wasio na jina:
*Wa Chaula, wa kike, aliishi saa sita.*
Nililiona daftari hilo nilipokwenda kurekebisha bawaba.
Sikulifunga haraka.

Mwaka wa nne akanirudishia sanduku.
"Nimekuja kukunyang'anya kazi mara ya pili, fundi.
Sasa nawafunga kwa kitenge, ngozi kwa ngozi.
Kifua cha mama hakihitaji kuni."
Nilinuna, nakiri. Kioo kile
nilikifuata Njombe kwa miguu.
Nikatia humo mbegu za viazi, sikusema neno.

Kisha mkwe wangu Sekela akajifungua kwa kisu,
miezi sita na siku kadhaa, gramu mia tisa.
Mwanangu yuko Mufindi, anachuma chai ya watu.
Sekela hajazinduka.
Dokta akanitazama toka kichwani hadi kwenye randa.
"Vua shati."
"Mimi?"
"Kwani hicho kifua umeazima?"

Siku kumi na moja nilikaa hivyo,
mzee mzima, nimefungwa kitenge cha kuku na mayai,
wanaume wanachungulia dirishani wanacheka,
nami siwezi kucheka, nikicheka anatikisika.
Moyo wake ulikwaruza mbavu zangu
kama panya mdogo nyuma ya ubao.
Ukinyamaza, nami nanyamaza kupumua.
Ukirudi, narudi.
Ananuka maziwa. Mimi nanuka vumbi la mbao.
Sijui nani alimpasha moto mwenzake.

Amestaafu sasa, ameteremka kwao Tukuyu.
Siku ya kumuaga, katibu wa ushirika
alisimama mbele ya wageni akadai mizani yake,
miaka ishirini na sita! Ikarudishwa.
Inapunja kidogo, wakulima wanalalamika.
Daftari aliondoka nalo.

Na mjukuu wangu ana ndevu,
anabeba magunia mawili ya viazi kwa mpigo,
ananiuliza kwa nini namgusa mgongo anapolala.

Msinielewe vibaya: bado natengeneza.
Mwaka jana, mawili.
Lakini ukutani hapana kitu.
Siku hizi nangoja niagizwe.