Kontena Litakaa Wapi

Tartu, saa tisa usiku, theluji hadi kizingitini.
Seva imezimika tena chini ya ngazi,
na Kaupo, mguu mmoja bila soksi,
anaibembeleza kama mtoto mwenye homa.
Maagizo ya asali ya wafuga nyuki mia mbili
yamekwama humo.

Asubuhi Eerika anaweka karatasi mezani.
"Hawa wanakodisha kontena. Wewe andika programu,
wao walinde mlango, waongeze mashine
wateja wakifurika."
Mama mtu, kutoka jikoni: "Kontena?
Tutaliweka wapi, uani?"

"Bei?"
"Euro thelathini na moja kwa mwezi.
Na usingizi wako, umewahi kuupigia hesabu?"

Kaupo anakuna kidevu. Hifadhidata italala kwa nani?
Siku akitaka kuhama, atafungasha aende zake,
au ataacha ngozi mlangoni?
Eerika hajui. Wanasoma mkataba hadi chai inapoa.

Mzigo mzito mpe mwenzio,
ila muulize kwanza anapokaa.

Akatia sahihi. Alitarajia usingizi wa pono.
Saa tisa akaamka mwenyewe, akashuka, akatega sikio:
feni kimya.
Akakaa kwenye ngazi, soksi zote mbili miguuni,
hana la kufanya.