Sehemu ya Pili

Mabela, saa nane usiku. Kiyoyozi kinakoroma.
Kidubwasha kiganjani, chaji asilimia tisa.
Miaka sita tumeingoja sehemu hii ya pili,
na mchezo haukusahau: umeniuliza jina,
kisha ukauliza, "Na mwenzio yuko wapi?"

Mwenzangu Zuweina yuko Salala,
kaolewa huko, msimu wa ukungu.

Taa saba, mlango mmoja, kufuli lisilo tundu.
Nimewasha tatu. Nimewasha tano. Nimewasha zote.
Mlango kimya, kama Baba akiombwa gari.

Nikamtumia sauti. Akajibu papo hapo,
kumbe hajalala, anabembeleza mtoto:
"Wewe siku zote unawasha tu!
Zima. Zote. Na ya chumbani kwako pia."

Nikazima.
Gizani kioo kikatoa mwandiko mwembamba,
rangi ya zafarani iliyolowekwa,
uliokuwepo tangu mwanzo.
Kufuli likasema *ka*.

Mlango u wazi. Ng'ambo yake nasikia maji ya falaji.
Sikuingia.
Nimehifadhi hapo hapo, kizingitini,
chaji imebaki mbili,
na Idi Kubwa, akija, ni siku kumi na moja.