Jina la Tatu

Ofisi ya vitambulisho, Malindi, saa nne kasorobo.
Karani kauliza jina la tatu.
Nikasema: Kombo.

Akainua uso, meno yote nje.
"Kombo wa Bungoma? Basi wewe shemeji yangu!"
Nikamwambia mimi wa hapa hapa, Maweni,
nyuma ya kinu cha Athumani Lali.
Tabasamu likarudi ndani kama kichwa cha kobe.
"Aa. Kombo wa Pemba."
Akaisukuma fomu yangu ng'ambo ya meza,
kwenye rundo lisilo na jiwe la kulizuia na upepo.

Shuleni jina hili lilikuwa chakula.
Kengele ya saa saba ikilia, Kadzo na genge lake
walinisogezea maganda ya viazi:
"Makombo, njoo kwa wenzio!"
Na mwalimu wa hesabu, rula yangu ikiteleza:
"Mstari wa Kombo utaacha vipi kwenda kombo?"
Baba, duka lilipofilisika, alicheka peke yake
akifuta deni za watu ukutani kwa kitambaa cha mate.
"Si niliwaonya," alisema, "kwenye bango?"

Bibi Mwanaamina hakucheka.
Alikuwa akipeta mchele.
Watatu walikwisha kuzikwa, alisema,
wa nne alipolia hakuna aliyepiga kigelegele.
Walimlaza kwenye ungo uliotoboka
wakamtupa jaani, kati ya magamba ya samaki na majivu,
wakamwita Kombo,
ili kifo kikipita kione takataka, kiende zake.
Jirani akamwokota.
Akamuuza kwa mamake mzazi
kwa senti kumi, ile yenye tundu.

"Sasa," bibi akapuliza pumba,
"yule aliyelipa, alifanyaje?"
Alikomboa, nikajibu.
"Haya. Kaoshe sufuria."

"Leta cheti cha kuzaliwa cha babu yako," karani asema.
Jaa halitoi cheti, bwana.
Hilo sikulisema.
Nilikuwa nikitazama kalamu yake:
ameandika *Kambo*.

"Ni O," nikamwambia. "Mara mbili, O.
Kambo ni mama asiyekuzaa."

Hapo ndipo aliponitazama sawasawa,
kwa mara ya kwanza tangu nilipoketi.
Akachukua kifutio, akasugua, akasugua
mpaka karatasi ikatoboka,
tundu dogo la duara
katikati ya jina.