Hodi ya Kifaru

Miaka kumi na tisa nimepika chai ya kambi
hapa Kirkharrow, kaskazini mwa Uingereza,
ambako mvua hainyeshi, hunong'ona tu mchana kutwa,
na kila Alhamisi, kabla sikio halijapata kitu,
vikombe kabatini vilinitangulizia habari.
Kri, kri, kri.
Navisukuma nyuma kwa kiganja,
nahesabu hadi arobaini,
ndipo barabara inaanza kuguna.

Tani sitini na mbili. Daraja letu la mawe
lina kibao: mwisho kumi na nane.
Basi vifaru walizunguka maili saba
kupitia shamba la Dodds, wakamvunjia ukuta,
wakamlipa, wakauvunja tena.

Sasa wanaondoka. Waraka umekuja.
Meja mgeni, kijana, buti zake hazijaonja tope,
alisimama mbele ya ubao akasema zama zimegeuka:
kidege cha bei ya baiskeli
kinamwona mzito toka mawinguni.
Wepesi ndio uhai, alisema, mara mbili.
Sajenti Thirlwell hakujibu.
Alitoka nje, akaligonga gari jipya kwa pete yake ya ndoa.
Likalia kama sufuria.
"Umesikia, Kombo?"
Nilisikia.

Halina jina, ila herufi tatu na tarakimu.
Lugha yangu ilikwisha kumpa yule mzee mnyama wake,
pembe na hasira na yote;
huyu je, aende hivihivi, uchi?
Nikamwita digidigi:
macho makubwa, magurudumu manane,
ngozi ya kukimbia nayo, si ya kusimama nayo.

Siku ya kupakia malori, Thirlwell alinipa
pini moja ya mnyororo, nzito kama mtoto mchanga.
"Ya kushikia mlango," akasema, akatazama kando.

Alhamisi iliyofuata digidigi walivuka daraja.
Hawakuzunguka. Vikombe kimya.
Nageuka na birika mkononi,
namkuta mmoja dirishani, kazima injini, ananitazama.
Tangu lini? Sijui.

Yule mzito alikuwa na adabu ya uzito wake.
Hakuweza kuja pasipo kupiga hodi,
na adui pia, nadhani, alipata dakika
ya kusukuma vikombe vyake nyuma.

Dodds naye kanuna baa wiki nzima:
ukuta wake umesimama,
na hana wa kumdai.